Sura ya Sita: Mlango wa Pili wa Nshomile

Mtanzania wa mkoa mwingine akitaka kumtania Mhaya hana haja ya kutafuta neno. Atasema "Nshomile" na watu watacheka. Kwa Kihaya maana yake ni "nimesoma", na huko nje limekuwa jina la mtu anayejisikia kwa elimu yake. Ndani ya Bukoba na Muleba neno hilo ni zito zaidi ya utani. Ni kitenzi ambacho kila mzazi anatamani mwanawe akitamke siku moja bila kutazama chini.

Kitenzi hicho kina majengo yake. Ihungo iliyoanzishwa na wamisionari Wakatoliki, Nyakato ya serikali, Kahororo iliyoanzishwa na Walutheri, na Rugambwa ya wasichana, inayobeba jina la Laurean Rugambwa, kadinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, aliyepewa heshima hiyo mwaka 1960. Vizazi vya watumishi wa umma, maprofesa, maaskofu na mawakili vilipitia humo. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipobomoa Ihungo na Nyakato, shule zilifungwa, wanafunzi wakatawanywa, na nchi nzima ikachangishana. Leo majengo mapya yamesimama. Jengo la shule likianguka, sisi tunajua la kufanya.

Mwanafunzi akianguka ndipo tunapobabaika. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka mwanzoni mwa mwaka, nyumba moja huchinja kuku na ya jirani hunyamaza. Kijana aliyepata divisheni ziro huanza kupita nyuma ya migomba ili asikutane na mwalimu wake wa zamani. Na yule aliyeishia kidato cha pili kwa sababu ya mimba, au kwa sababu mama alilala kitandani hakuamka, hata hayo matokeo ya kumsononesha hana. Katika nchi ya Nshomile, kutosoma kunageuka kuwa aibu ya ukoo mzima, na aibu hiyo humfungia mtu ndani kuliko umaskini wenyewe. Sura hii inawahusu hao, na mlango wa pili ambao baadhi yao wameuona.

Kabla ya mlango huo, nataka turudi Kashasha, Muleba. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kujizuia. Kicheko kikachanganyika na kilio na woga, kikahamia kwa wenzao. Hadi shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Waliporudishwa kwao, hali hiyo ikazuka Nshamba na kuenea shule nyingine hadi jirani na Bukoba mjini. Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na mwaka uliofuata wakachapisha walichokiona: hapakuwa na sumu wala ugonjwa wa kuambukiza walioweza kuupata. Tangu hapo dunia imelisimulia tukio hili kama kioja. Mimi naliona kama tukio la kielimu. Wasichana walikuwa chini ya mzigo ambao hawakuwa na lugha ya kuutaja, na jibu pekee ambalo shule ililijua lilikuwa kufunga geti na kuwarudisha nyumbani. Shule ikafunguliwa Mei, hali ikarudi, geti likafungwa tena.

Kwa miaka mingi baadaye, jibu letu kwa mwanafunzi anayelemewa lilibaki lilelile. Tofauti ni kwamba sasa aliondoka mmoja mmoja, kimya kimya, na hakuna daktari aliyekuja kuandika.

Mzigo wa Kagera una historia yake. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani hapa, na hospitali ya Ndolage huko Kamachumu ikawa miongoni mwa mahali palipoubeba msiba huo mapema. Watu waliuita Juliana. Katika miaka kumi iliyofuata, kaya zilibaki na bibi na wajukuu, au na mtoto mkubwa aliyegeuka baba wa wadogo zake. Kuanzia mwaka 1991 watafiti waliziandikisha kaya zaidi ya 900 za mkoa huu, wakarudi kuwatafuta watu walewale mwaka 2004, hata waliokuwa wamehamia mikoa mingine. Ni utafiti wa subira ya ajabu. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliwafuatilia watoto 718 ambao mwanzoni walikuwa na wazazi wote wawili, wakawalinganisha waliofiwa baadaye na wasiofiwa. Mtoto aliyempoteza mama kabla ya kutimiza miaka 15 alikua akiwa mfupi kwa takriban sentimita 2, na alisoma pungufu kwa takriban mwaka 1. Utu uzima haukuufidia upungufu huo.

Mwaka 1 ni kitu gani? Kwa mtoto mwenye uwezo ni likizo ndefu. Kwa anayechechemea, ndio ule mwaka wa kuvuka kutoka darasa la saba kwenda kidato cha kwanza, ambapo Kiswahili alichofundishiwa miaka saba kinawekwa pembeni na Kiingereza kinashika ubao. Mtoto aliyekosa vipindi kwa kumuuguza mama anaingia darasa hilo akiwa amechoka, na lugha inammaliza. Sijaona sababu ya kumwita mtoto huyo mzito wa akili.

Halafu zikaja shule za kata. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, kila kata ilihimizwa kujenga sekondari yake, na watoto ambao zamani wasingepata nafasi wakaipata. Nitalitetea jambo hilo daima. Lakini madarasa yalitangulia walimu, na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yakaonyesha gharama yake: takriban watahiniwa 6 kati ya kila 10 nchini walipata sifuri. Serikali iliunda tume, matokeo yakafutwa na kupangwa upya, na bado vijana takriban laki mbili walibaki mikono mitupu. Wengi wa Muleba walishuka ziwani, kwenye dagaa na sangara, visiwani Bumbire na Goziba. Ziwa halimuulizi mtu cheti.

Sasa tuuangalie mlango wenyewe. Wengi wanaujua kwa herufi mbili tu: QT. Ni Mtihani wa Maarifa, unaoandaliwa na Baraza la Mitihani la Tanzania kwa mtu aliyemaliza shule ya msingi lakini hakupitia kidato cha kwanza na cha pili darasani. Akifaulu, anapata haki ya kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea na kufanya mtihani wa kidato cha nne. Aliyekwisha kufaulu upimaji wa kidato cha pili kabla ya kuacha shule hana haja ya QT; anaanza moja kwa moja safari ya kidato cha nne. Na aliyefika mwisho akaanguka anaweza kurisiti masomo anayoyataka. Hapo penye kurisiti pana nafuu ambayo shule ya kawaida haina: si lazima ubebe masomo yote tena. Aliyepata D ya Kiswahili na F nyingine zote anaweza kushughulika na machache mwaka huu, mengine mwakani.

Anayeshika usukani wa njia hii upande wa serikali ni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyozaliwa mwaka 1960 kama tawi la elimu ya nje ya chuo kikuu na kusimama yenyewe kwa sheria ya mwaka 1975. Kwetu Kagera, tangu enzi mkoa ulipoitwa Ziwa Magharibi, elimu ya watu wazima si ngeni. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa na UNESCO kuanzia mwaka 1968 katika mikoa minne ya ziwa uliufikia mkoa huu pia, na vitabu vyake viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe, migomba na uvuvi vikiwemo. Wazee waliosoma "ndizi" kwenye ukurasa wa kwanza walikuwa wameshika ndizi asubuhi hiyo. Nalitaja hili kwa sababu ndicho kitu ambacho njia mbadala ya leo inakihitaji kuliko vyote, na mara nyingi inakisahau: kuanza na alichonacho mwanafunzi mkononi.

Katika mpango wa sasa, masomo ya sekondari hukatwa hatua mbili. Hatua ya kwanza inameza vidato viwili kwa mwaka mmoja, na hatua ya pili vilevile. Mara ya kwanza nilipoelezwa nilishtuka. Mtoto aliyeshindwa kumaliza kwa miaka minne, unampaje miwili? Jibu linaonekana ukiwatazama wanaokuja. Wengi wamekwisha kuuza maandazi, wamevua, wamezaa, wamefanya kazi za ndani mjini. Wanajua walichokuja kuchukua. Vipindi ni vichache, usafi wa uwanja na paredi havimo, na mwalimu hachelei kueleza kwa Kiswahili kile ambacho mtihani utakiuliza kwa Kiingereza. Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyosikika. Nadhani nusu ya kazi ya mwalimu wa QT ni kumrudishia mwanafunzi ujasiri wa kuuliza swali kwa lugha anayoiwaza.

Hata hivyo sitaki kuupamba mlango huu. Wengi huanguka QT pia. Sayansi bila maabara ni hadithi, kwa hiyo vijana hukimbilia masomo ya sanaa hata wale ambao mikono yao ingefaa kwenye fizikia. Vituo vya watu binafsi vinatoza ada, na baadhi havina mwalimu wa kudumu wa hisabati. Elimu bila ada iliyoanza mwaka 2016 ililenga shule za kawaida. Aliyekwisha kutoka nje ya geti alikuta kwamba nafasi ya pili ina bei kubwa kuliko ya kwanza. Tumejenga utaratibu ambapo aliye nyuma zaidi ndiye anayelipa zaidi, na hili linaniudhi.

Kwa wasichana geti lilikuwa na kufuli ya ziada. Mwezi Juni 2017, akiwa Bagamoyo, Rais John Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule ya serikali. Zanzibar ilikuwa imeruhusu warudi tangu mwaka 2010, na Kenya tangu 1994. Benki ya Dunia ilipotaka kuikopesha Tanzania dola milioni 500 kwa ajili ya sekondari, wanaharakati walipinga, mkopo ukachelewa, na mwishowe ukaidhinishwa tarehe 31 Machi 2020 ukiwa na sehemu iliyotengwa kwa njia mbadala. Kwa hiyo mlango wa pili ulipanuliwa kwa fedha nyingi wakati mlango wa kwanza ukiwa bado umefungwa. Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri wa Elimu Profesa Joyce Ndalichako alitangaza kwamba waliokatiza masomo, waliojifungua wakiwemo, wanaweza kurudi katika madarasa ya kawaida.

Je, wote walirudi? Tuseme msichana wa miaka 17 wa Kamachumu. Ana mtoto wa miezi minane. Serikali imemfungulia, lakini darasa lilelile lina wavulana walewale waliomzomea, na kipindi cha kwanza kinaanza saa ambayo mtoto ananyonya. Bibi yake yuko kibanjani. Haki anayo, mkono wa kumshikia mtoto hana. Ndiyo maana, hata baada ya Novemba 2021, njia mbadala haikupoteza kazi.

Mahali ninapopaona pamejibu swali la msichana huyo vizuri zaidi ni vyuo vya maendeleo ya wananchi. Mwalimu Nyerere alivutiwa na shule za watu wazima za Sweden, na kuanzia mwaka 1975 vyuo vya namna hiyo vikaanzishwa katika wilaya mbalimbali nchini, vya kumpokea mkulima na kumrudisha kijijini na ujuzi. Kagera ina Gera, upande wa Missenyi, na Rubondo, upande wa Biharamulo. Miaka ya karibuni, kupitia programu iitwayo Elimu Haina Mwisho, iliyoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania kwa msaada wa Mastercard Foundation, vyuo hivi vilianza kuwapokea wasichana walioacha sekondari na kuwapa masomo ya QT sambamba na ufundi. Jambo lililobadilisha mambo halikuwa kwenye silabasi. Lilikuwa chumba cha kulelea watoto. Mama anaingia na mtoto mgongoni, anamkabidhi kwa mlezi, anakwenda kwenye Kiingereza au kwenye cherehani, na saa ya kunyonyesha anarudi. Hakuna anayegeuka kumtazama, kwa sababu nusu ya darasa ni akina mama.

Chumba chenye mikeka na uji kimefanya ambacho waraka wa wizara usingeweza peke yake. Nimejifunza kuitathmini programu yoyote kwa swali hilo moja: imeondoa nini mabegani mwa mwanafunzi kabla ya kumpa daftari?

Muleba ilikwisha kutufundisha somo hilo, tena bila kutumia neno elimu. Nshamba, ileile ya kicheko cha mwaka 1962, ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imejaa yatima. Mradi ulioanza huko ulijiita Humuliza, neno la Kihaya la kufariji. Haukuanza na ada. Ulianza na kuwapa walimu mbinu za kumsikiliza mtoto aliyefiwa, kisha vijana yatima wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara, wakakutana, wakachangishana, wakatembeleana. Hapohapo Nshamba, mwaka 2003, ukazaliwa mradi wa Kwa Wazee, uliowapa bibi na babu wanaolea wajukuu fedha kidogo za kila mwezi bila kuwapangia matumizi. Ukafanyiwa tathmini iliyochapishwa mwaka 2008, na ripoti yake ikapewa jina linalotaja vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule.

Jina hilo nimelitafakari mara nyingi kuliko kurasa zote za sera nilizosoma. Mtunga mipango akiwaza mwanafunzi anayeshindwa, anawaza mitaala, vitini, walimu wa ziada. Bibi wa Nshamba anawaza sabuni. Anajua kwamba mtoto mwenye sare chafu hukaa nyuma, akikaa nyuma hasikii, asiposikia hujibu vibaya, akijibu vibaya wenzake humcheka, na siku ya tatu anaaga nyumbani kana kwamba anakwenda shule huku akiishia rweya, uwanda wa malisho, kuchunga mbuzi wa watu. Mnyororo mzima ulianzia kwenye kipande cha sabuni. Bibi hakuhitaji kuambiwa anunue nini.

Kwa upande wa ufundi nitapita haraka. Chuo kipya cha VETA cha mkoa, kilichojengwa Burugo, Bukoba vijijini, kwa msaada wa China, kimeongeza nafasi ambazo mkoa ulizikosa kwa miaka mingi, na mabadiliko ya sera ya mwaka 2023 yameingiza mkondo wa amali sambamba na wa jumla katika sekondari zenyewe. Yote mawili ni mema. Nina hofu moja: katika nchi ya Nshomile, ufundi umezoeleka kuwa mahali pa kupelekwa aliyeshindwa, na mtoto hulisoma hilo usoni mwa baba kabla hajashika randa. Fundi mzuri wa Kemondo au Muleba mjini, ambaye nyumba yake ya matofali inaonekana kutoka barabarani, angefaa kualikwa shuleni siku ya wazazi akae meza moja na wakili.

Kwa mzazi anayeisoma sura hii akiwa na mtoto aliyejifungia chumbani: usianze na fomu ya kujisajili. Mwache kwanza alale, ale, asikie sauti yako ikiwa ya kawaida. Kisha muulize kilichomtoa darasani, na uwe tayari kusikia jambo ambalo hukulitarajia. Huenda ni mwalimu aliyemwita jina baya, macho yasiyoona ubao, au mwanamume anayemsubiri njiani. Nenda ofisi ya elimu ya watu wazima ya halmashauri, uliza vituo vilivyosajiliwa, na ukifika kituoni uliza ni walimu wangapi wanafika kila wiki. Tazama kama kuna choo kinachofungika. Kama binti ana mtoto, uliza atamweka wapi. Mkuu wa kituo akikosa jibu la swali hilo la mwisho, mtafutieni jibu ninyi: shangazi, bibi, jirani wa kulipwa kwa ndizi na mafuta. Na usimwambie mtoto kwamba hii ni nafasi yake ya mwisho. Ameshasikia hivyo mara nyingi, na kila mara mikono yake ilizidi kutetemeka.

Mitihani hii hufanyika Novemba, wakati senene wanashuka. Usiku kuna taa na mabati yaliyosimamishwa kila upenyo, mji mzima uko nje na ndoo, na asubuhi harufu ya senene wa kukaangwa inaingia madirishani. Katika vyumba vya mitihani wapo wa sare na wapo wasio na sare: mwanamume wa miaka 30 aliyepanda mtumbwi alfajiri kutoka kisiwani, mama aliyejifunga khanga juu ya sketi, kijana anayerisiti hisabati kwa mara ya tatu. Karatasi nyingi za kidato cha nne ni zilezile kwa wote. Kwenye namba ya mtihani, aliye shuleni ana herufi S mwanzoni na wa kujitegemea ana P. Msimamizi anasoma majina, wanaingia mmoja mmoja, na yule mama anatazama saa ya ukutani kuhesabu kama atatoka kabla ya mtoto kuamka.